Mashine Iliyogoma Adhuhuri: Kisa cha Siku ya Wazi ya Sayansi

Kikao cha tathmini ya siku ya wazi, ile siku ambayo chuo hufungulia umma milango, kilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye meza moja tu. Idara ya fizikia ya chuo kikuu hiki (sitakitaja, maana jambo lenyewe lingeweza kutokea chuo chochote) ilikuwa na vituo kadhaa siku ya wazi: darubini, naitrojeni kimiminika, chumba cha giza cha majaribio ya mwanga, na mashine ya Van de Graaff, ile yenye tufe la kung'aa linalosimamisha nywele. Vituo vingine vilipita kwenye ajenda haraka haraka. Van de Graaff ndiyo iliyozua mjadala, kwa sababu adhuhuri, ukumbi ukiwa umefurika, iligoma.

Mkuu wa idara alitaka mwakani isiletwe kabisa. "Imetutia aibu mbele ya wageni," alisema, na fomu za maoni zilimuunga mkono kwa kiasi fulani, kwani wapo walioandika kwamba mashine ya umeme ni mbovu. Lakini ndani ya bunda lilelile kulikuwa na fomu chache zilizojazwa hadi pembeni, zote za watu waliofika kwenye meza hiyohiyo baadaye kidogo. Mmoja alichora hata mkanda na rola zake. Hizo ndizo zilizonifanya nikifuatilie kisa hiki. Mashine ni moja, ukumbi ni mmoja, hitilafu ni moja. Kundi la kwanza liliondoka likiona limepotezewa muda, la pili likaondoka likibishana kuhusu unyevu. Kati ya makundi hayo, kilichobadilika ni mtu aliyesimama nyuma ya meza.

Kwanza mashine yenyewe, maana bila kuijua mengine hayaeleweki. Robert Van de Graaff, mwanafizikia wa Marekani, alitengeneza ya kwanza mwaka 1929 akiwa Princeton, kwa vitu vya kawaida sana: mota ndogo, utepe wa hariri na kopo la bati. Kimsingi muundo haujabadilika tangu hapo. Chini kuna mota inayozungusha mkanda wa mpira. Mkanda hupanda ndani ya nguzo ya plastiki, huzunguka rola ya juu, hushuka. Rola ya chini na mkanda vimetengenezwa kwa vitu tofauti, hivyo kila vinapogusana na kuachana, kimoja hubaki na elektroni za mwenzake. Kuna vitana viwili vya waya, kimoja chini na kingine juu, vinavyoukaribia mkanda bila kuugusa. Cha chini hupakia chaji, yaani umeme uliotulia, cha juu huipakua na kuipeleka kwenye tufe. Ikishafika huko, chaji yote hukimbilia uso wa nje wa tufe na ndani hakubaki kitu, ndiyo maana mkanda huweza kuendelea kupakua bila kusukumwa nyuma na chaji iliyokwisha kukusanyika. Huo ndio ujanja wote wa mashine hii, na ni ujanja mzuri ajabu. Wageni wengi huondoka bila kuambiwa habari zake.

Kikomo huwekwa na hewa. Hewa kavu huvumilia takriban volti 30,000 kwa kila sentimita kabla haijaruhusu cheche. Kwa hesabu hiyo, tufe la mezani lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 haliwezi kupita volti 450,000 hata mambo yakienda sawasawa, na kwa kawaida huishia chini sana ya hapo. Namba inatisha, lakini chaji yenyewe ni kiduchu, na nishati iliyokusanyika ni ya kiwango cha juli moja hivi au pungufu. Anayerukiwa na cheche hushtuka, halafu hucheka. Wa kuhofia ni mgeni mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, na bango la kumzuia asisogee lilikuwa mezani tangu asubuhi, kwa herufi kubwa. Hilo waandaaji walilifanya vizuri na sitalirudia.

Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Meza ilikuwa chini ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mchangamfu mwenye sauti ya kufika mwisho wa ukumbi. Alikuwa amepewa karatasi ya maelezo ya ukurasa mmoja, naye ameikariri yote. Anamwita mtu mwenye nywele ndefu, anampandisha kwenye kigoda cha plastiki, anamwambia aweke kiganja juu ya tufe, anawasha. Nywele zinanyanyuka, watu wanashangilia. "Chaji zinazofanana husukumana," anasema kijana, "kila unywele unamkimbia mwenzake." Huyu anashuka, yule anapanda. Foleni inatembea.

Sina ugomvi na onyesho la namna hiyo. Mtoto aliyemwona mama yake nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu hatalisahau. Ila ukisikiliza maswali ya asubuhi ile, yalikuwa mawili tu, yakirudiwarudiwa: "Inauma?" na "Naweza kupiga picha?" Hakuna aliyeuliza ndani ya ile nguzo kuna nini.

Karibu na adhuhuri mvua ikanyesha. Mabanda ya nje, ya botania na ya jiolojia, yakafungwa, na wageni wote wakakimbilia ukumbini na miavuli yao na nguo zilizolowa. Madirisha yakafungwa. Mtu mzima, akiwa amesimama tu, hutoa kati ya gramu 40 na 100 za mvuke kwa saa kupitia pumzi na ngozi. Zidisha kwa watu mia, ongeza makoti yanayokauka mwilini mwao, uone ni lita ngapi za maji zinamwagwa hewani pasipo mtu kujua. Kipima unyevu kilikuwepo ukutani, nyuma ya meza ya darubini. Hakuna aliyekitupia jicho.

Mashine haikuzimika ghafla. Nywele zilianza kunyanyuka nusu, kisha ncha tu, kisha zikatulia kabisa. Mota ilivuma, mkanda ulizunguka, tufe likabaki bubu. Kijana akazima, akawasha. Akabadilisha mgeni, akidhani nywele za yule wa mwanzo ni nzito mno. Akaomba radhi. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Kwani imekuwaje, kijana?" Naye akajibu: "Hewa imeingia unyevu, mzee, na hewa yenye unyevu inapitisha umeme. Chaji zote zinapotelea hewani." Mzee akaitikia kwa kichwa, akasubiri kidogo kuona kama kuna la zaidi, halafu akaenda zake. Nyuma yake foleni nzima ikakatika, ikahamia kwenye naitrojeni.

Jibu lile linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalotolewa karibu kila mahali, na limekaa upande. Ni kweli unyevu ndio uliohusika. Lakini mvuke uliotawanyika hewani si kipitishi cha maana, na hewa yenye unyevu huzuia umeme karibu sawa na hewa kavu. Kinachotokea ni kwamba unyevu ukipanda, mathalani ukipita asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hujishika juu ya vitu, ukiwemo mkanda na nguzo ya plastiki. Utando huo ukichanganyika na vumbi, na chumvi ya jasho la vidole vilivyoishika nguzo, tayari ni njia. Chaji huteremka juu ya nguzo hadi chini, au huvujia kwenye mkanda kabla haijafika juu.

Mtu anaweza kusema hizo ni tofauti za wataalamu, mgeni hazimhusu. Zinamhusu sana. Kama kosa ni la hewa ya ukumbi, hakuna la kufanya ila kungoja mvua ipite, na kijana yule alifanya hivyohivyo, alingoja. Kama kosa ni la utando juu ya mkanda, la kufanya lipo, na kifaa chake ni draya ya kukaushia nywele.

Fundi sanifu wa maabara aliitwa aje aiondoe mashine. Si aitengeneze, aiondoe. Alilieleza hilo mwenyewe kikaoni, bila kinyongo, lakini linaonyesha alivyohesabiwa siku ile. Jina lake halikuwa kwenye ratiba wala kwenye bango lolote. Kazi yake ilikuwa kubeba vifaa asubuhi na kuvirudisha stoo jioni. Alikuja na koti lake la kazi, draya mkononi, akakuta watu wachache wamebaki pale mezani, wengi wao wakikwepa mvua tu.

Hakuanza na maelezo. Alizima mota, akaligusisha tufe na fimbo yenye waya wa athi (unaopeleka umeme ardhini) ili chaji iliyobaki ishuke, akalifungua, akaliweka mezani. Watu wakasogea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo sehemu za ndani zikaonekana. Binti mmoja mdogo akauliza, "Sasa umeme uko wapi hapo?" Fundi akamwonyesha kitana cha juu. "Unaona meno haya hayagusi mkanda? Unadhani yanachukuaje?" Binti akatikisa kichwa. "Shika swali hilo," akamwambia, kisha akawageukia wote: "Asubuhi ilifanya kazi, sasa haifanyi. Mimi nasema ni unyevu. Haya niambieni, unyevu umekaa wapi?"

Majibu yakaja kwa fujo. Hewani. Kwenye tufe. Kwenye mpira. Mikononi mwa watu. Mama mmoja akasema kwenye mota. "Tuanze na tufe," akasema fundi. Akalirudisha juu, akalikausha kwa draya hadi likapata joto, akawasha, akasogeza tufe dogo lenye mpini, lililofungwa waya wa athi, ili cheche ilirukie. Kimya. "Tufe ni la alumini," akaeleza, "likilowa lisilowe, ni kipitishi vilevile." Akazima, akashusha chaji, akahamia kwenye nguzo. Aliipangusa kwa kitambaa kikavu (si cha spiriti, maana mvuke wa spiriti na cheche havikai pamoja), kisha akaikausha yote kuanzia chini. Akawasha. Safari hii kukasikika mlio, na cheche fupi ikaruka, urefu wa ukucha. Watu wakapiga makofi, naye akawatuliza kwa mkono: "Bado. Cheche ya asubuhi ilikuwa ndefu kuliko hii."

Ndipo akaelekeza draya kwenye mkanda, huku ukizunguka, joto la wastani ili asiuharibu mpira. Ilichukua muda. Muda huo wote maswali hayakukatika: kwa nini mpira na si ngozi, kwa nini tufe na si sanduku lenye pembe, ingekuwaje mkanda ukizunguka haraka zaidi. La pembe alilijibu kwa kuchukua pini na kuibandika kwa gundi ya karatasi juu ya tufe, ncha ikitazama nje, akisema wataona kazi yake baadaye. Alipowasha, hakukuwa na cheche, ila mnong'ono tu, kwa sababu chaji ilikuwa ikivujia kwenye ile ncha. Akazima, akashusha chaji, akaitoa pini. Akawasha tena. Cheche ikaruka urefu wa kidole kizima, na mlio wake ukawarudisha watu kutoka upande wa naitrojeni.

Hapo mvulana aliyekuwa kimya muda wote akasema, "Lakini hewa ya humu ndani bado ni ileile." Fundi akamtazama. "Endelea." "Kwa hiyo haikuwa hewa."

Kikaoni, mhadhiri mmoja kijana aliyapokea masimulizi haya kwa furaha, akasema somo liko wazi: kushindwa kunafundisha kuliko kufaulu, kwa hiyo mwakani mashine igomeshwe makusudi. Simwungi mkono. Mashine ilikuwa imegoma muda mrefu kabla fundi hajafika, na muda huo haukumfundisha mtu chochote isipokuwa kwamba idara ina vifaa vichakavu. Hitilafu iliyomfukuza yule mzee ndiyo iliyomfanya mvulana yule afikie hitimisho la kisayansi kwa akili yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mkono wa kwanza ulijua swichi, mkono wa pili ulijua mashine.

Nisieleweke kwamba namlaumu mwanafunzi. Alikuwa hodari katika kile alichopewa. Niliiomba ile karatasi ya maelezo nikaisoma, na imeandikwa vizuri: sheria ya chaji, historia fupi, tahadhari, mzaha mmoja kuhusu saluni. Lakini inaishia pale mashine inapofanya kazi. Hakuna neno juu ya mkanda, juu ya vitana, juu ya nguzo. Na yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua lile tufe, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna haja. Fundi amelifungua miaka na miaka. Ameshabadilisha mkanda zaidi ya mara moja, anajua kwamba gesi ya ozoni inayozaliwa na cheche huula mpira taratibu hadi ukapasuka, anajua kutofautisha kwa sikio mlio wa cheche na mnong'ono wa chaji inayovuja. Aliposema "tuanze na tufe" alijua fika kwamba tufe halina kosa. Alilianza kwa sababu watu walilitaja, na kwa sababu jibu la "siyo hilo" lilikuwa na kazi yake.

Vyuo vikuu vinapopanga siku ya wazi huuliza nani ana cheo na nani ana uso wa kuvutia wageni. Mwenye kujua kifaa kinavyofanya kazi huulizwa mwisho, tena mara nyingi huulizwa kama nyaya zimeletwa. Ni ajabu, ukikumbuka mtu ambaye vyuo hivyo vyote humtaja kama mfano. Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza maarufu kwa kazi yake juu ya umeme, aliingia Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, mwaka 1813 akiwa msaidizi wa maabara wa mkemia Humphry Davy, kijana aliyetoka kwenye kazi ya kujalidi vitabu, shule yake ndogo. Mihadhara ya Krismasi kwa vijana ilianza hapo mwaka 1825, na kati ya 1827 na 1860 Faraday aliendesha misimu 19. Uhodari wake mbele ya watu ulitoka kwenye mikono iliyozoea vifaa. Sisemi kila fundi ni Faraday. Nasema tu kwamba njia aliyopitia yeye, kwenye ratiba zetu za leo, imezibwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ilitoka kwa mratibu wa siku yenyewe. Alisema kweli kwamba asubuhi meza ilihudumia wageni wengi mara kadhaa kuliko alivyohudumia fundi, na kama kila kituo kingeenda kwa mwendo ule, nusu ya watu wangerudi nyumbani hawajaona kitu. Pia si kila fundi anapenda kuzungumza. Aliyepo hapa ana kipaji, mwingine ukimsimamisha mbele ya umati utamtesa. Nakubali yote mawili. Sidhani dawa ni kumweka fundi kila meza. Dawa ni kwamba anayesimama mezani awe ameifungua mashine kabla ya siku, akiwa na fundi karakanani, mpaka ajue angalau sababu mbili zinazoweza kuigomesha na namna ya kuzibagua. Hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Na sasa naitrojeni, iliyopendekezwa kuchukua nafasi ya Van de Graaff "kwa sababu haiangushi mtu". Kweli, haiangushi. Huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, humwaga ukungu, hugandisha ua likavunjika vipande, kila mara, mvua au jua. Haifeli kwa sababu haiulizwi swali. Lakini kilichonishangaza ni jambo jingine, nalo nusura lisiingie kabisa kwenye kumbukumbu za kikao. Lita moja ya naitrojeni kimiminika huwa takriban lita 700 za gesi. Adhuhuri ile madirisha yalikuwa yamefungwa na umati wote umehamia kwenye meza hiyo. Ukumbi ni mkubwa, hivyo sidhani kulikuwa na hatari. Ila pendekezo la mwakani lilikuwa kuipeleka kwenye chumba cha semina. Lita 10 zikichemka zote ndani ya chumba kilichofungwa cha mita za ujazo 100, oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 19.5, na chini ya hapo wataalamu wa usalama kazini huhesabu hewa kuwa pungufu. Kituo kilichogoma kilijadiliwa kwa sababu ya aibu. Kile ambacho kingeweza kumdhuru mtu kilipita kwa makofi.

Fundi ndiye aliyelitaja hilo, mwishoni, watu wakianza kukusanya makaratasi yao. Mkuu wa idara alikaa tena.

Yaliyoamuliwa ni haya. Van de Graaff itabaki, lakini ihamie kwenye chumba chake chenye mlango, waingie watu wachache kwa zamu, na kipima unyevu kikae mezani pale ambapo wageni wanakiona, kiwe sehemu ya onyesho. Naitrojeni itabaki ukumbini, madirisha wazi, na kipima oksijeni kiazimwe kutoka idara ya kemia. Karatasi ya maelezo itaandikwa upya na fundi pamoja na yule mwanafunzi, ambaye aliomba mwenyewe arudi kwenye meza ileile. Jina la fundi litaingia kwenye ratiba. Mkanda mpya utaagizwa, kwa kuwa wa sasa umeanza nyufa pembeni.

Siku ya wazi huwa Jumamosi. Wahadhiri wa chuo hiki huihesabu kwenye maombi yao ya kupandishwa cheo, mafundi hawana cha kuihesabia, na fundi aliuliza, kwa adabu, kama atalipwa saa za ziada. Suala hilo lilisogezwa kwenye kikao kingine, ambacho mpaka naandika haya hakijaitishwa.